Mimi Si Mlevi, Ni Uchovu Tu

Jumatatu, 4 Machi

Dhulma. Sina neno jingine. Miaka kumi na tisa nafundisha watu kuendesha gari, na leo nimenyang'anywa ufunguo kama mtoto aliyekutwa na kiberiti.

Madamu, mwenye chuo cha udereva, aliniita ofisini saa mbili kamili. Hakunikaribisha kiti. Akasema amepata malalamiko kuhusu Ijumaa. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya kila mtu isipokuwa mwanafunzi mwenyewe.

Niandike ukweli hapa, maana daftari halina mdomo. Ijumaa mchana, baada ya chakula, nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mkunga mstaafu, mama mtulivu, somo lake la nane. Nilimwambia anyooshe barabara kuu mpaka nitakapomwambia akate kona. Kisha nikafumba macho kidogo nisikilize injini. Injini husikika vizuri zaidi ukiwa umefumba macho, fundi yeyote atakuambia. Nilipofumbua tulikuwa mji mwingine. Kilomita sitini na mbili! Mama wa watu alikuwa amenyoosha, kama alivyoagizwa. Sasa hapo kosa la nani? La mwalimu aliyetoa maelekezo yaliyo wazi?

Madamu anasema nilinuka. Nilikunywa mbili tu na chakula. Labda tatu. Ya nne nilinunuliwa, na kumkatalia mtu ni dharau. Huo si ulevi. Huo ni uchovu.

Hukumu yenyewe ni kadi ya manjano yenye mistari minne. Nitafute kikundi cha watu wanaoacha pombe, nihudhurie mara nne, na kila mara kiongozi aweke sahihi. Sahihi nne ndani ya wiki mbili, narudishiwa ufunguo. La sivyo gari namba tatu anapewa mwenzangu Miwani. Miwani! Mtu ambaye mpaka leo akirudi nyuma anatoa shingo dirishani kama kobe!

Nimepitia baa kunywa moja ya hasira. Ya hasira haihesabiwi.

Jumanne, 5 Machi

Kutafuta kikundi ni kazi ya aibu kuliko kuiba. Mwizi angalau haulizi njia.

Nilipanga vizuri. Nitauliza kwa niaba ya rafiki. Nikaingia duka la dawa, nikangoja wateja wapungue, nikamnong'oneza dada mfamasia kwamba nina rafiki ambaye ana tatizo dogo la vinywaji. Dada akauliza, kwa sauti ya mnadani, kama rafiki yangu ndiye yule anayeimba pale kituoni kila mwisho wa wiki. Foleni nzima ikageuka. Nikasema ndiyo, ndiye. Akasema lakini anayeimba pale ni wewe, Mwalimu.

Ebo! Mtu akiimba mara mbili tatu keshakuwa redio!

Akanielekeza kwenye zahanati, ubao wa matangazo. Nikaenda nimevuta kofia mpaka puani. Karatasi zilikuwa zimepandiana, moja juu ya nyingine. Nimeanza tu kunakili, nikasikia viatu nyuma yangu. Nikahamisha macho haraka kwenye tangazo la jirani. Alikuwa muuguzi. Akafurahi sana kuona baba anayejali mambo ya kunyonyesha. Nimepewa mafunzo kamili, dakika ishirini, pamoja na kijitabu. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka ishirini na sita.

Hata hivyo nimeondoka na nilichokifuata. Chumba 6, Jumatano saa kumi. Mke wangu ameuliza kijitabu ni cha nini. Nimemwambia ni cha rafiki.

Jumatano, 6 Machi

Sahihi ya kwanza ninayo! Lakini namna nilivyoipata ni fedheha tupu, na lawama zote ni za yule aliyebandika matangazo.

Chumba namba sita. Viti kumi kwenye duara, watu wenye nyuso za mvua. Nikajisemea, ndio hawa. Dada mshauri, mwenye sauti ya kubembeleza, akanikaribisha bila maswali. Mzee mmoja fundi saa akaanza. Alisema ni miezi minne sasa, na bado kila asubuhi mkono unamtafuta kitandani. Mama mwingine akasema yeye humkumbuka zaidi jioni, akisikia mlango. Nikasema moyoni: loo, hawa wamezama! Mpaka chupa wanaiita kama mtu!

Zamu yangu ikafika. Sikutaka kuonekana mshamba, nikafuata lugha yao. Nikasema mimi naye hatujaachana kabisa, juzi tu tulikuwa pamoja. Dada mshauri akauliza kwa upole kama huwa namwona. Nikasema namwona kila mahali, hata kwenye madirisha ya maduka. Akauliza kama huwa anasema nami. Nikasema anaanza kunisemesha kama saa sita mchana, na akishaanza hanyamazi mpaka nimfuate. Mama wa jioni akajifunika uso, akalia kwa kwikwi.

Hapo ndipo nikaona bango lililo nyuma ya mshauri. Kuishi Baada ya Kufiwa na Mwenza.

Mtu mwenye akili ndogo angesimama, akaomba radhi na kutoka. Mimi nilikumbuka kadi. Dada akauliza nimempoteza nani. Nikasema mke wangu. Lini? Nikasema Ijumaa, maana ndiyo siku iliyokuwa kichwani. Siku tano tu! Wakainuka wote. Nimekumbatiwa na watu tisa. Wakauliza ilikuwaje. Nikasema ghafla, kwenye cherehani yake, akishona sare za shule. Nilitaka apate kifo cha heshima. Wakauliza jina lake, nikataja. Wakauliza ninakoishi, nikataja. Mtu aliyekumbatiwa namna ile hana mahali pa kufichia kitu.

Sahihi imewekwa. Bado tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekuja.

Watatu, wakiongozwa na fundi saa, na mkate, sukari na kadi kubwa ya rambirambi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha ndoo. Aliyefungua mlango ni marehemu.

Nimeyasikia yote nikiwa dirishani. Walimsalimia, wakampa pole, wakauliza kama yeye ni dada wa marehemu. Akauliza marehemu gani. Wakataja jina lake. Mke wangu hakupiga kelele. Mwanamke mwingine angepiga kelele. Yeye aliwakaribisha, akawapa chai, akakaa nao, akauliza alikufaje. Wakamweleza. Akauliza mumewe alilia. Wakasema sana, tena alisema bado anamwona madirishani. Akatingisha kichwa taratibu. Akawashukuru kwa mkate.

Walipoondoka cherehani ilianza kulia. Katika nyumba hii mke wangu akikasirika hasemi, cherehani ndiyo inayosema. Leo imesema kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja bila nukta.

Kisha akatokea mlangoni na kusema maneno haya, nayanakili yalivyo: "Kwa kuwa nimekufa, marehemu hapiki, hafui, wala hasemi na mtu. Nitafufuka siku nitakayoona hiyo kadi yako ina sahihi nne za kweli. Za kweli, baba watoto."

Akarudi kwenye sare zake.

Nauliza: mtu akikosea chumba, adhabu yake ni njaa?

Ijumaa, 8 Machi

Nimeunguza maji. Sikujua kwamba yanaungua. Yalikauka, sufuria ikawa nyeusi, jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Marehemu alipita katikati ya moshi kuchukua uzi, akapita tena kurudi. Hakukohoa hata kidogo. Ukaidi!

Madamu naye amenipigia simu. Alitaka kuhakikisha sahihi, akampigia dada mshauri, na dada mshauri akamwomba anipe likizo ya msiba. Madamu anamfahamu mke wangu. Sare za walimu wetu ndiye aliyezishona. Sahihi imekatwa kwa wino mwekundu. Amesema anataka sahihi za Chumba namba 9, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kwamba kiongozi wa kule ni mama fundi bomba anayenusa kuliko paka. Ukienda unanuka, husainiwi.

Nimepitia baa kuaga. Si kuaga pombe. Kuwaaga watu tu, ili wasidhani nimekufa na mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewaona walevi halisi. Sasa nasema kwa uhakika: mimi si mmoja wao.

Chumba namba tisa ni cha kliniki ya watoto. Viti vyake vidogo mno, magoti yanafika kwenye kidevu. Ukutani kuna picha ya jino linalotabasamu. Katika hali hiyo mtu mzima anatakiwa kueleza maisha yake!

Mama Fundi Bomba ndiye mwenyekiti. Mikono mipana, sauti ya chini, ndala. Alinipa mkono, akanivuta karibu, akanusa. Akasema karibu. Kanuni ni moja: yanayosemwa humu yanabaki humu. (Daftari ni mimi mwenyewe, kwa hiyo halihesabiki.) Kila mtu anataja siku alizokaa bila kunywa. Mimi nilitaja saa. Kumi na nane. Wakapiga makofi! Nilikasirika. Mtu hapigiwi makofi kwa kulala.

Kisha akasimama Kinyozi.

Huyu bwana ana miaka tisa bila kunywa, na tangu mwaka wa kwanza inaelekea hajaacha kuzungumza. Alieleza jinsi alivyokuwa akimnyoa bwana harusi asubuhi ya harusi yake, akafika nusu ya kichwa, akasema anatoka mara moja kutafuta wembe, akaingia baa, akarudi Jumatatu. Bwana harusi alifunga ndoa na nusu kichwa. Picha zipo. Watu walicheka mpaka viti vikalalamika, kisha Kinyozi akasema kwa sauti ndogo kwamba yule bwana harusi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na ilichukua miaka minne kusalimiana tena. Wakalia. Wakapiga makofi. Mama mmoja akampa leso yake.

Nikaitwa mimi baada ya hapo! Nani anayepanga zamu hizi? Nikasema tatizo langu ni uchovu, na nikatoa ushauri wa bure kuhusu kupunguza mwendo kwenye mteremko. Mama Fundi Bomba akasema, "Karibu, Mwalimu. Sote tulikuja hapa tukiwa tumechoka." Wakacheka. Walicheka wote, hata jino la ukutani.

Sahihi ya kwanza ninayo. Kinyozi huyu hatanishinda.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mbili bila kitu. Ni kwa ajili ya kadi tu, iandikwe hivyo.

Hali ya hewa mbaya sana. Jasho asubuhi, baridi mchana, na mikono inatetemeka. Nilijitolea kumtungia marehemu uzi kwenye sindano, kwa nia ya kupatana. Nilijaribu mara kumi na moja. Sindano za siku hizi zina matundu madogo kupita kiasi, nitaandika barua kiwandani. Aliichukua sindano mkononi mwangu polepole, na akaushika ule mkono kidogo kabla ya kuuachia. Kisha akakumbuka kwamba amekufa.

Mama Fundi Bomba alikuwa ametuagiza kwamba ukitetemeka uende ukapimwe, usijifanye shujaa. Nikaenda zahanati. Muuguzi ni yule yule. Ameniuliza mtoto ananyonya vizuri? Nimesema vizuri. Ningesema nini?

Jumanne, 12 Machi

Nimejiandaa usiku kucha kwa hadithi ya kumfunika Kinyozi. Nusu kichwa! Mimi nitawapa gari zima.

Nikasimama. Nikasema siku moja nilimpeleka mwanafunzi kwenye mtihani nikiwa nimekunywa chupa kumi na nne, nikashika usukani mwenyewe, nikalitumbukiza gari mtoni pamoja na mtahini. Nikavunja kioo kwa kiwiko, nikaogelea na mtahini mgongoni mpaka ng'ambo, na mtahini akatoa matokeo palepale akiwa amelowa. Nilisimulia vizuri, mikono yote miwili. Nikangoja makofi.

Kinyozi akainua kidole. Akauliza, kwa adabu ya kuudhi, ni mto gani. Nikasema ule mkubwa. Akasema mtaani kwake nilishawahi kukataa kuvuka mtaro wenye maji ya magoti, nikabebwa na muuza magazeti.

Nyani haoni kundule! Mtu aliyeacha kichwa cha ndugu yake katikati anakagua mito ya wenzake!

Mama Fundi Bomba hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema humu hapahitajiki hadithi kubwa. Bomba halipasuki kwa sababu ya maji mengi, alisema, linapasuka pale palipooza, hata kama ni padogo. Nilete padogo pangu. Akasaini. Lakini pembeni ya sahihi ameandika neno moja: Amefika. Amefika! Kama kifurushi!

Jumatano, 13 Machi

Leo amekuja nyumbani yule mkunga mstaafu. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia kwa kunichongea, nikakumbuka kwamba ni yeye pekee ambaye hakunichongea. Ikabidi nimpe kiti.

Marehemu alileta chai, akarudi kwenye cherehani. Mkunga akasema amekuja kuuliza hali yangu, kwa sababu tangu ile Ijumaa hajalala vizuri. Nikamwambia asijisikie vibaya, hata wanafunzi hodari husahau kukata kona.

Akanitazama kama mtu anayetazama kitoto kichanga.

"Mwalimu, sikusahau," alisema. "Kona nilizipita nikiziona. Uliniambia ninyooshe, kisha ukalala. Nikajaribu kukuamsha pale kwenye daraja, ukakanyaga breki yako ya mwalimu usingizini tukiwa katikati ya malori. Nikasema sikuamshi tena. Nikizima gari pembeni, peke yangu na mtu asiyeamka, nitafanya nini? Nikaendelea."

Nikasema alipaswa kuwasha taa za hatari. Ni somo la tatu.

"Niliziwasha. Ila nilikuwa nakusikiliza. Miaka thelathini na nne nimesikiliza pumzi za watoto wa watu, Mwalimu. Yako ilikuwa inakatika. Inakatika, nahesabu, inarudi. Mara moja nilihesabu mpaka kumi na saba. Zahanati ninayoijua, yenye mtu ninayemwamini, ni ile ya mji wa pili. Ndiyo maana tulisimama pale mlangoni. Haikuwa bahati mbaya."

Sikumbuki zahanati. Nakumbuka ukuta mweupe, na yeye ameshika usukani kwa mikono yote miwili, mfano wa mishale ya saa tatu na robo, kama nilivyomfundisha, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Akasema mume wake alikuwa na pumzi kama hiyo, na siku moja alihesabu ikapita sitini, akaacha kuhesabu. Alisema hivyo tu. Hakulia. Akamaliza chai.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijui tangu lini.

Nimeudhika sana. Mwanafunzi wa somo la nane anamwendesha mwalimu wake kilomita sitini na mbili, anapita malori, anaegesha sambamba na ukingo, bila kosa hata moja, na bila maelekezo yangu! Hii inaonyesha nini kuhusu umuhimu wangu? Nimemwambia yuko tayari kwa mtihani. Alipokwenda nilikaa pale pale kitini mpaka chai yangu ikaota utando. Macho yalikuwa yanawasha. Ni vumbi la vitambaa.

Alhamisi, 14 Machi

Ushindi!

Niliwapa ile ya mkunga. Sikuongeza chochote, hakukuwa na haja, nyama ilikuwa imeshaiva yenyewe. Nilisema nilikunywa nne, nikalala, na mwanafunzi wangu akahesabu pumzi zangu mpaka kumi na saba huku akipita malori. Nilipofika kwenye kumi na saba sauti ilikwama. Sikuipanga. Nikajaribu tena, ikakwama palepale. Mama Fundi Bomba akasema nisiharakishe. Nikakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti kidevuni, kamasi zinanitoka mbele za watu kumi na mmoja, na hakuna aliyecheka.

Na Kinyozi akalia! Kinyozi! Alilia kabisa, mabega yakitikisika, ile leso aliyopewa Jumamosi akanipa mimi. Makofi yalikuwa marefu kuliko yake ya bwana harusi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani kwa pembe ya jicho. Yake, kama sekunde kumi. Yangu, ishirini na mbili.

Sahihi ya tatu. Pembeni ameandika: Amesema.

Nyumbani nimekuta sahani mezani imefunikwa. Nimemuuliza marehemu kama amefufuka. Hakujibu. Lakini alikuwa ameweka na kijiko.

Jumamosi, 16 Machi

Sahihi ya nne! Ya nne! Nimeikimbiza kwa Madamu wino haujakauka. Aliisoma mbele na nyuma, akampigia Mama Fundi Bomba, akasikiliza muda mrefu akisema "mhu, mhu". Nani anajua wanawake hawa wanaongea nini? Mwishowe akafungua mtoto wa meza. Jumatatu saa mbili ufunguo ni wangu, kwa sharti kwamba niendelee kwenda kila Jumamosi. Na Miwani amelisugua gari namba tatu mpaka kiti changu kimehamishwa matundu mawili mbele. Atanieleza.

Mke wangu amefufuka rasmi saa nane na dakika kumi mchana. Aliiweka kadi mezani, akainyoosha kwa pasi ya mkono wake, akazipitia sahihi moja moja na kidole. Kwenye Amesema kidole kilisimama. Akauliza nilisema nini. Nikamwambia ni siri ya kikundi. Akasema sawa. Kisha akauliza kama ni kuhusu pumzi, maana yeye huhesabu kila usiku, na idadi kubwa aliyofikisha ni kumi na tisa.

Kumi na tisa. Miaka yote hii nalala pembeni ya mtu anayehesabu! Na hakuwahi kuniambia! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe nafanyiwa ukaguzi!

Tumekula pamoja. Amecheka mara moja, nilipomweleza viti. Sikumbuki lini nilisikia kicheko hicho mara ya mwisho. Ni kicheko kizuri.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamka na akili imetulia kama gari jipya, na nikiwa kitandani nikapiga hesabu. Siku nane kamili bila tone. Sasa tufikiri kama watu wazima. Mlevi ni mtu asiyeweza kukaa bila kunywa. Mimi nimekaa. Kwa hiyo mimi si mlevi, na sijawahi kuwa. Ni hoja iliyonyooka, hata wakili hapati pa kuingilia. Zile sahihi nne si cheti cha mgonjwa. Ni cheti cha mzima!

Lakini mtaa unasema nini? Mtaa unasema Mwalimu anakwenda kikundi cha walevi. Jina langu limechafuliwa, na jina huoshwa palepale lilipochafuliwa. Mke wangu alikuwa amepeleka sare kwa mteja. Nikavaa shati safi, nikatia kadi mfukoni, nikaenda baa. Saa tisa mchana, jua linawaka, sina cha kuficha.

Niliwaonyesha kadi wote. Mwenye baa aliisoma akasema hongera. Nikamwambia asinipe hongera, anipe moja. Moja tu, ya ushahidi, kwa sababu mtu anayeogopa kunywa moja ndiye mwenye tatizo. Niliinywa polepole, kila mtu akiona. Hakuna kilichotokea. Ya pili nimeagiza kwa ajili ya waliochelewa kuona ya kwanza.

Kisha nikampigia Kinyozi simu. Alinipa namba yake jana, akasema nipige wakati wowote. Nilitaka awe wa kwanza kujua kwamba nimepona, tena kwa siku nane, wakati yeye amehangaika miaka tisa. Aliuliza niko wapi. Nikamwambia. Akasema, "Usiondoke hapo, Mwalimu. Nakuja." Hakungoja hata niage.

Amefika baada ya dakika sita, mbio, na aproni shingoni, nywele za wateja mabegani. Aliingia akitafuta meza yangu kwa macho, akavuta kiti, akakaa. Hajasema kitu. Hajaagiza kitu. Anahema tu, na mkono wake ameuweka mezani, kati yangu na glasi.

Naandika haya yeye akiwa mbele yangu. Namwangalia na kwa kweli namhurumia. Mtu mzima, Jumapili mchana, ana kazi yake, ana miaka tisa ya makofi, na bado ukimtajia baa tu anakuja mbio namna ile. Maskini. Kumbe kuna watu wana tatizo.

Nimeagiza ya tatu, nikae naye mpaka atulie.